Masomo ya skii ya fristaili kwa watoto: maswali ambayo wazazi mnaniuliza kila msimu

Nimeyaweka yote sehemu moja maana theluji ikianza kushuka tu meseji zinakuwa zilezile. Mimi ni kocha wa kujitegemea, yaani siko chini ya shule ya skii ya kituo chochote, na nafundisha watoto fristaili tu. Soma lile linalokuhusu, mengine yaruke.

Fristaili ni nini hasa, si ni kuruka tu?

Kuruka ni kipande tu. Fristaili ni skii ambayo, ukiacha skikrosi, zile mbio za watu kadhaa kushuka pamoja, hushindani kufika chini wa kwanza tu, unapewa alama kwa jinsi unavyoteleza, unavyozunguka hewani na hasa unavyotua. Kuna moguli, pale unashuka kwenye vichuguu vya theluji vilivyopangana na katikati yake kuna rampu mbili. Kuna eriali, wale wanaorushwa juu sana na kupinduka. Kuna hafupaipu ambayo ni mfereji mkubwa wenye kuta mbili za theluji, kuna slopustaili yenye reli na rampu zinazofuatana, na bigi ea ambayo ni rampu moja kubwa basi. Olimpiki waliipokea kwa awamu, moguli 1992, eriali 1994, skikrosi 2010, hafupaipu na slopustaili 2014, bigi ea 2022. Watoto wanaokuja kwangu karibu wote wanataka ile ya paki, yaani lile eneo la mlima lenye rampu, na maboksi na reli za kutelezea juu yake, kwa hiyo nikisema paki huku chini namaanisha hapo.

Mtoto wangu ana miaka mitano, namleta?

Kwa skii ya kawaida mpeleke hata kesho. Kwa paki bado. Mtoto mdogo kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, uzito unakuwa juu, na kupima mwendo bado kunamshinda, anaona rampu ndogo halafu anaifuata kwa spidi ileile aliyotoka nayo juu. Wengi ninaowaona wako tayari kati ya miaka 7 na 9, ila nimekataa wa miaka 11 na nimepokea wa 6, sababu mi siangalii umri kwanza, naangalia anafanya nini kwenye mteremko wa kawaida.

Sasa unaangalia nini?

Asimame popote anapoambiwa simama, kwa upande wa kulia na wa kushoto, maana watoto wengi wana upande mmoja tu wanaouamini. Ageuke skii zikiwa sambamba kwenye mteremko wa wastani bila kurudi kwenye pizza, ile ya ncha za mbele kukutana, kila akiogopa. Apande na kushuka lifti, ile inayowapandisha watu mlimani, bila kubebwa. Na anisikilize nikiwa nyuma yake, hiyo wazazi wanaisahau ila kwangu ndo ya kwanza, kwa sababu paki kuna wakati neno moja tu ndo linalomzuia mtoto asiingie mbele ya mtu anayekuja hewani.

Hajawahi kuvaa skii kabisa ila anapenda sana kuangalia video za kuruka. Unamchukua?

Hapana. Mpeleke shule ya kawaida kwanza, akianza kugeuka vizuri mrudishe kwangu.

Kwa nini nichukue kocha wa kujitegemea wakati kituo kina shule yake?

Inategemea, na kwa watoto wengine shule ya kituo ni bora kuliko mimi, nasema ukweli. Wana eneo la wadogo, wana mkeka wa kuwapandisha taratibu, mwalimu akiugua yuko mwingine, ukiwa na malalamiko kuna ofisi ya kwenda. Mimi nikiugua somo la siku hiyo limekufa.

Shida inakuja mtoto akishajua kuteleza na anataka paki. Vikundi vingi vinapangwa kwa kiwango cha kuteleza, mwalimu anabadilika kila wiki, na paki inakuwa zawadi ya dakika kumi za mwisho watoto wakiwa wameshachoka, yaani unawapeleka sehemu inayotaka miguu freshi kuliko zote muda ambao miguu imeisha. Mi nafanya kinyume, kazi ya paki inakuja mapema baada ya kupasha mwili, halafu tunamalizia kwa kuteleza kawaida. Na kwa kuwa mtoto anakuwa na mimi msimu mzima najua anazungukia upande gani kwa urahisi, najua akinyamaza maana yake kaogopa, sihitaji kuanza kumsoma upya kila Jumamosi.

Je kisheria unaruhusiwa kufundisha mlimani bila kuwa mfanyakazi wa kituo?

Hili ndo swali ningependa kila mzazi aniulize na ni wachache wanaouliza. Jibu linategemea nchi na linategemea mlima wenyewe. Ufaransa kwa mfano huwezi kulipwa kufundisha skii bila diploma inayotambulika na kadi ya kitaaluma, na ukaguzi upo kweli. Marekani kikwazo kiko sehemu nyingine, vituo vingi viko juu ya ardhi ya misitu ya taifa, kufanya biashara yoyote pale kunataka kibali, na mwenye kibali ni kituo, kwa hiyo mara nyingi shule ya kituo ndo pekee yenye haki ya kufundisha kwa malipo. Sehemu nyingine kituo kinawapa makocha wa nje ruhusa kwa mkataba, au klabu ndo inaingia makubaliano na kocha anafundisha chini ya klabu. Na kocha anayetoka nchi nyingine anahitaji kibali cha kazi, viza ya utalii haitoshi hata kama analipwa kwa simu na mzazi aliyeko kwao.

Kwa hiyo kocha akikwambia "wakituuliza kwenye lifti mwambie mtoto aseme mimi ni mjomba wake", jibu umeshalipata, tafuta mwingine. Sio suala la yeye kupigwa faini tu. Asiye na ruhusa bima yake inaweza kukataa kulipa siku mtoto akiumia, na umemfundisha mtoto kudanganya kabla hujamfundisha kugeuka. Mimi nafundisha pale tu nilipo na ruhusa ya maandishi na naionyesha kabla hujalipa chochote.

Nidai vyeti gani kwa kocha?

Kwanza cheti cha kufundisha skii kutoka chombo kinachojulikana. Uingereza kuna BASI, Marekani PSIA-AASI, Kanada CSIA, na juu yao kuna ISIA inayounganisha vyama vya walimu wa nchi mbalimbali. Halafu uliza kama ana mafunzo ya fristaili yenyewe, maana mtu anaweza kuwa mwalimu mzuri sana wa kugeuka na hajawahi kufundishwa namna ya kumwingiza mtoto kwenye reli, na kinyume chake pia kipo, kijana anaruka vitu vya ajabu ila hajui kuelezea mtoto wa miaka 8 kwa nini anatua na kisigino. Kati ya hao wawili bora huyo wa kwanza, ila kwa nini uchague, tafuta mwenye vyote.

Kisha huduma ya kwanza iliyo hai, sio ya miaka kumi iliyopita. Uchunguzi wa polisi wa watu wanaofanya kazi na watoto, kila nchi ina wake. Bima ya dhima. Usione aibu kuomba karatasi, kocha anayekasirika kuombwa karatasi anakusaidia kuamua haraka.

Bima ya nani inalipa mtoto akiumia?

Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Bima yangu ya dhima ni kwa ajili ya makosa yangu, yaani nikifanya uzembe mtoto akaumia. Haihusu mtoto aliyeanguka tu kama watu wanavyoanguka kwenye skii. Kwa hilo unahitaji bima yako ya afya au ya safari, na usome maandishi madogo, maana bima nyingi za safari zinakubali skii ya kawaida halafu chini kabisa zinaondoa paki, rampu, mashindano, au zinataka uongeze hela. Angalia pia uokoaji mlimani na helikopta kama umo, sehemu nyingi hiyo ni bili peke yake.

Hii sio hofu ya kukuuzia kitu. Sarah Burke wa Kanada, bingwa mkubwa wa hafupaipu, alianguka mazoezini Park City huko Utah Januari 2012 akafariki siku chache baadaye, na kwa kuwa shughuli ile haikuwa ya chama chake bima ya chama haikugharamia, watu wakachangishana kwenye mtandao kulipia hospitali. Kama yeye lilimkuta, mtoto wako kwenye likizo ya wiki moja je.

Anahitaji skii maalum?

Za kuanzia hapana. Kama anazo za kawaida za watoto, kwa mwezi wa kwanza wa masomo zinatosha kabisa. Akianza kuteleza kinyumenyume, kile watu wa paki wanakiita swichi, hapo atahitaji skii zilizopinda mbele na nyuma, maana zile za nyuma bapa zinachimba theluji na kumwangusha. Skii za namna hiyo ndo zilizobadilisha mchezo wenyewe, Salomon walitoa Teneighty yao 1998 na baada ya hapo kutua kinyumenyume kukawa kitu cha kawaida. Urefu kwa mtoto wa paki uwe kati ya kidevu na pua. Usinunue ndefu eti atakua, skii ndefu mtoto hazizungushi, anazibeba tu.

Buti ndo muhimu kuliko skii. Vipimo vyake ni sentimita za mguu, sio namba ya kiatu. Mtoe soksi, toa buti la ndani, aingize mguu kwenye ganda tupu vidole viguse mbele, nyuma ya kisigino ibaki nafasi ya sentimita moja hadi mbili, ikizidi hapo anaogelea. Soksi moja tu, mbili zinabana damu na miguu inakuwa baridi zaidi.

Bindingi niziwekeje?

Usiweke wewe, na mi siweki. Bindingi, ile inayoshikilia buti kwenye skii, inatakiwa imwachie mtoto anapoanguka, na kiwango chake, kile watu wanakiita DIN, kinahesabiwa kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na aina ya utelezaji, halafu fundi anaipima. Mtoto akikua kidogo au ukibadilisha buti hesabu inabadilika. Kuna vijana paki wanakaza bindingi zao ili zisitoke wakitua vibaya, ni miili yao watu wazima, kwa mtoto hiyo kitu sitaki kuisikia, bindingi isiyotoka inahamishia nguvu yote kwenye goti na mfupa wa mguu.

Helmeti lazima?

Lazima, bila helmeti hakuna somo, hata kama sheria ya pale haidai. Italia walianza 2022 kwa kila aliye chini ya miaka 18, na tangu Novemba 2025 ni lazima kwa watu wa umri wowote. Tafuta iliyoandikwa EN 1077 au ASTM F2040, hizo ndo za skii, ya baiskeli haifai. Ikishapigwa sana ibadilishe hata kama haina ufa unaoonekana. Na usinunue ya mtumba usiyojua historia yake.

Ila nikwambie jambo moja, helmeti inapunguza majeraha ya kichwa, haizuii mtikisiko wa ubongo kwa uhakika. Ubongo unatikisika ndani ya fuvu na helmeti iko nje. Kwa hiyo mtoto asijione kavaa silaha.

Kinga ya mgongo napendekeza, silazimishi. Kinga za mikono za kuvaa ndani ya glavu kwa wanaoanza reli zinasaidia, wanapenda kudaka ardhi kwa mkono.

Somo lenyewe linakwendaje?

Tunaanza na mzunguko mmoja wa kuteleza kawaida naangalia miguu imeamkaje. Halafu tunapita kwenye paki bila kugusa chochote, tunaangalia tu, kwa sababu paki inabadilika kila siku, jana rampu ilikuwa laini leo imeganda usiku na mwendo utakuwa mwingine kabisa. Baada ya hapo kitu kimoja tu. Watoto wanataka vitu vitano, nawapa kimoja na tunakivunja vipande, unavyoingia, unavyoondoka, unachofanya juu, unavyotua. Kinafanyiwa kazi kwanza kwenye theluji tambarare, kisha kwenye kinundu kidogo pembeni ya njia, mwisho kwenye rampu yenyewe. Siku nyingine rampu hatufiki na mzazi anayeangalia kutoka mgahawani anahisi hela yake imeliwa, wakati mtoto kaenda nyumbani anajua kuruka na miguu yote miwili kwa wakati mmoja, kitu ambacho watoto wengi wa paki hawajui.

Ataruka lini?

Siku ya kwanza ataruka, sentimita chache. Sidhihaki. Kuruka palepale ulipo, miguu yote miwili, kutua kifundo cha mguu, goti na nyonga vyote vikikunjika pamoja, mikono mbele macho mbele, hicho ndo kitu kitakachomlinda kwenye kila rampu atakayopanda maishani mwake. Baadaye vinafuata vinundu, boksi pana la chini analopita moja kwa moja, kuteleza swichi, kugeuka 180, yaani nusu mzunguko, chini kwenye theluji, kisha 180 hewani kidogo, kisha kushika skii akiwa juu, kisha boksi kwa upande. 360, mzunguko mzima, huwa inakuja yenyewe kama hivyo vyote vipo, na isipokuja sio mwisho wa dunia.

Cha kuelewa kuhusu rampu ni kwamba hatari haiko kwenye urefu wa kwenda juu, iko kwenye sehemu unayotua. Rampu iliyotengenezwa vizuri ina mdomo, ina meza bapa katikati, halafu ina mteremko wa kutua, na mtu akitua kwenye mteremko mwili unaendelea kusonga chini kwa hiyo pigo linakuwa dogo. Akiwa na mwendo mdogo anaangukia kwenye meza au kwenye ile kona ya meza, akiwa na mwendo mkubwa anaupita mteremko wote anatua kwenye bapa kule chini, na kote kuwili pigo lake ni kama kaanguka kutoka juu ya ukuta. Ndo maana nusu ya kazi yangu paki ni mwendo. Mtoto anapita nyuma yangu kwa spidi yangu, tunakwepa rampu mwishoni, tunarudia hadi anajua aanzie wapi, na hapo ndo anaruhusiwa.

Na kupinduka hewani?

Hili kila mtoto analiuliza siku ya kwanza na jibu langu ni lilelile. Kwangu hakuna kupinduka kichwa chini kwenye theluji ya kawaida. Vituo vingi vimekataza pia. Njia yake ipo, trampolini chini ya kocha wa jimnastiki, kisha erbegi ile godoro kubwa la hewa au rampu ya kwenye maji, na miezi mingi katikati. Mtoto akifika huko mi namkabidhi kwa klabu yenye vifaa hivyo na makocha waliofuzu kwa hilo. Mzazi mmoja mmoja huwa ananiambia "lakini fulani kajifunza mwenyewe na video", sawa, waliojifunza mwenyewe na video wakaumia hawapandishi video.

Trampolini ya nyumbani inasaidia?

Kidogo, na inaumiza zaidi ya inavyosaidia. Madaktari wa watoto wa Marekani kupitia chama chao wamekuwa wakishauri watu wasitumie trampolini za nyumbani, na majeraha mengi yanatokea wakiwa zaidi ya mtoto mmoja juu yake. Kama ipo basi mtoto mmoja kwa wakati, kuruka wima na kugeuka nusu, hakuna kupinduka. Bora zaidi umwandikishe jimnastiki wakati hakuna theluji, tofauti naiona siku ya kwanza ya msimu.

Boksi na reli si hatari kuliko rampu? Ni chuma kile.

Mwendo ni mdogo, ila ukianguka unaangukia kitu kigumu. Naanza na boksi pana lililo usawa wa theluji, la kuingia bila kuruka. Makosa ni yaleyale kwa watoto wote, wanaegemea nyuma kwa kuogopa na wanajaribu kukwaruza kwa kingo za skii kama wako kwenye theluji. Kwenye plastiki au chuma kingo hazishiki, skii lazima zilale bapa. Mtoto akilielewa hilo reli inakuwa mchezo anaoupenda kuliko wote.

Sheria za paki ni zipi?

Ziko zile kanuni kumi za FIS, shirikisho la skii la kimataifa, za mlima mzima, aliye mbele yako ana haki kuliko wewe na kadhalika, na paki ina zake juu ya hizo. Mtu mmoja kwa wakati kwenye rampu. Inua mkono au piga kelele kabla hujaanza ili wenzako wajue. Usisimame kamwe pale watu wanapotua, ukianguka toka pembeni haraka kama unaweza. Ukishindwa kutoka, mwenzako aliye juu anapishanisha mikono iwe alama ya X ili wengine wasimame. Na rampu ambayo huoni upande wa pili lazima mtu asimame juu akiangalia. Watoto wangu wanazijua hizi kabla hawajagusa boksi, nawauliza kwenye lifti, asiyejibu tunazunguka tena kwenye njia ya kawaida. Wanazijua haraka sana.

Akigonga kichwa unafanya nini?

Somo limekwisha, kwake, siku hiyo. Hata akisema yuko fiti, hata akilia anataka kuendelea. Naangalia kama kapoteza fahamu hata kidogo, kama anatapika, anaumwa shingo, anaona vitu viwiliviwili, maumivu ya kichwa yanazidi, anachanganyikiwa, anazidi kusinzia, mikono au miguu imekuwa dhaifu au ina ganzi, na chochote kati ya hivyo simnyanyui, nawaita waokoaji wa mlima. Hata bila hivyo nakupigia simu na nakuomba aonwe na daktari. Siku moja au mbili za kwanza ni za kupumzika na kupunguza simu na michezo ya kompyuta, kisha anarudi hatua kwa hatua, shule kwanza michezo baadaye, na kwa watoto hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Kurudi paki nataka ruhusa ya daktari kwa maandishi, hii siibadilishi kwa mtu yeyote, na usinipigie kunishawishi kwa sababu tiketi za lifti mmeshalipa.

Mtoto anaogopa. Nimsukume kidogo?

Usimsukume wewe, na usimuahidi zawadi akiruka. Mtoto anayeruka kwa ajili ya zawadi anafunga macho, nimeliona mara nyingi. Woga kwangu ni taarifa, mara nyingi anaogopa kwa sababu kuna kitu kimoja hana uhakika nacho na akikitaja kinarekebishika, mwendo, au alimwona mwenzake kaanguka, au buti linamuuma. Sheria yetu ni kwamba mtoto yeyote anaweza kusema hapana kwenye kitu chochote na haulizwi mara mbili.

Anayenipa kazi ni yule asiyeogopa chochote. Huyo namweka nyuma yangu kabisa, kila kitu anafanya kwa mara ya tatu ndo kinahesabika, sio kwa mara ya kwanza aliyobahatika.

Wasichana wapo?

Wapo. Fristaili ya wanawake ya hafupaipu iliingia Olimpiki pamoja na ya wanaume, na huyohuyo Sarah Burke niliyemtaja juu alikuwa mmoja wa waliopigania sana hilo. Watoto wa sasa wanamtaja Eileen Gu wa China, ambaye Olimpiki ya Beijing 2022 akiwa na miaka 18 alichukua dhahabu mbili na fedha moja kwenye matukio matatu tofauti. Nikiwa na msichana mmoja peke yake kwenye kikundi nakwambia mapema, wengine wanapenda wengine hawapendi, mwulize mwenyewe.

Anaweza kufika Olimpiki?

Sijui na hakuna kocha anayejua mtoto akiwa na miaka 8. Anayekwambia anajua anauza kitu. Mwache acheze michezo mingine kiangazi, mpira, kuogelea, skeitibodi, jimnastiki. Mtoto wa mchezo mmoja mwaka mzima anachoka na viungo vinachoka.

Kikundi au peke yake?

Kikundi wasizidi wanne na viwango vilingane. Watoto wanajifunza kwa kuangaliana kuliko kwa maneno yangu. Peke yake inafaa kama amekwama sehemu moja au anarudi baada ya kuumia.

Naweza kuja kuangalia na kurekodi?

Kuangalia karibu, kaa pembeni ya paki nje ya njia. Kupiga kelele za ushauri hapana, mtoto akisikia sauti mbili hasikii hata moja. Video nachukua mimi kwa ajili ya kumwonyesha mtoto palepale, nakutumia wewe peke yako na siiweki popote bila ruhusa yako ya maandishi. Ukirekodi mwenyewe hakikisha watoto wa wenzako hawaonekani kama wazazi wao hawajakubali. Na mtoto haruki akiwa ameshika simu au kijiti cha kamera, hilo halina mjadala.

Hali ya hewa ikiwa mbaya?

Theluji ikianguka sana au ukungu, mara nyingi tunateleza kawaida, kuna cha kujifunza. Kukiwa na barafu tupu rampu hatuendi. Mlima ukifungwa na upepo tunahamisha siku na hulipi mara mbili.

Tunakoishi hakuna theluji, afanye nini?

Kuna miteremko ya plastiki na kumbi za ndani zenye theluji ya kutengenezwa, nyingi zina usiku maalum wa fristaili. Plastiki inachubua, avae mikono mirefu na glavu hata kukiwa na joto. Skeitibodi na viatu vya magurudumu vinasaidia sana usawa wa mwili. Na kuruka kutoka kwenye ngazi ya chini kabisa huku akitua kimyakimya, bila kelele ya miguu, hilo ni zoezi la bure.

Siku ya kwanza aje na nini?

Helmeti, miwani ya skii, glavu za ziada maana za kwanza zitalowa, krimu ya jua hata kukiwa na mawingu kwa sababu theluji inarudisha mionzi usoni, maji, kitu kidogo cha kula mfukoni. Skafu ndefu hapana, inanasa kwenye lifti, avae ile ya duara ya shingoni. Karatasi ya namba zako za simu, mzio na dawa anazotumia nipe mimi mkononi, usimwekee mtoto kwenye begi. Na aende chooni kabla hajavaa buti, tafadhali.